Jicho Lipewe Njia: Ilani ya Wachoraji wa Nachingwea na Ruangwa

Sisi tunaotia saini ilani hii tunaishi kwa rangi. Wapo kati yetu wanaoandika mabango ya maduka, saluni na gereji. Wapo walimu wanaofundisha kuchora katika madarasa ambamo penseli hukatwa vipande ili itoshe dawati zima. Wapo wanaochora picha za kuuza, na wapo akina mama ambao hakuna aliyewahi kuwaita wachoraji, ingawa masika yakiisha huzisiliba upya kuta za nyumba zao kwa udongo waliouchimba, wakauchekecha na kuuchanganya wenyewe. Tunatoka Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za mkoa wa Lindi. Wakulima wa huku waliungana kabla yetu: pamoja na wenzao wa Liwale wana chama kikuu chao cha ushirika, RUNALI, na korosho zao huingia mnadani kwa pamoja. Wachoraji tumekuwa kila mtu na kopo lake. Kuanzia leo sisi ni kundi moja, na hapa tunaeleza tunachokiamini na namna tutakavyofanya kazi.

Tunaamini kwamba mwenye kuchora ana wajibu kwa jicho la mtazamaji. Wajibu huo ni kulipatia jicho njia: liingilie wapi, litulie wapi, lipite wapi kabla ya kuondoka. Chombo kikubwa cha kuitengeneza njia hiyo ni rangi na mkinzano wa rangi, yaani cheupe kinapokutana na cheusi, kilichokolea kinapokutana na kilichopauka, chenye joto kinapokutana na chenye ubaridi. Kila picha ina mahali jicho linapotua kwanza. Mchoraji asipopachagua, patajichagua penyewe, na mara nyingi patakuwa mahali pasipostahili: kifungo cheupe cha shati, tone la njano lililodondoka pembeni, namba ya simu iliyoandikwa kubwa kuliko jina la duka.

Tazameni mitaa yetu. Bango la duka la pembejeo lina nyekundu kali, njano kali, bluu kali na kijani kikali, kila moja kwa nguvu yake yote, na herufi zina kivuli cheusi, na kivuli kina ukingo mweupe. Mteja anayepita na pikipiki ana sekunde mbili tu. Anaitwa kutoka pande nne kwa mpigo, hasomi lolote, anapita. Tumeyaandika sisi mabango hayo na sasa yanaigwa na mashine za kuchapa mabango ya plastiki, ambazo zinaweza kuongeza rangi bila gharama na kwa hiyo zinaongeza bila kikomo. Hatuna ugomvi na mashine. Ugomvi wetu ni na imani kwamba rangi nyingi na kali zaidi huonekana zaidi. Imani hiyo si ya kweli, na mwili wa binadamu wenyewe unaikanusha.

Nyosha mkono mbele yako, inua dole gumba, tazama ukucha. Eneo hilo, upana wa dole gumba mwisho wa mkono ulionyooshwa, ndilo pekee jicho linaloliona kwa ukali kamili. Vyote vilivyobaki, chumba kizima, uwanja mzima, tunaviona kwa ukungu na hatujui kwamba ni ukungu, kwa sababu jicho halitulii: huruka mara tatu hivi kila sekunde kutoka sehemu moja hadi nyingine, na ubongo huunga vipande hivyo kuwa picha moja. Swali la mchoraji ni nini kinachoamua jicho liruke kwenda wapi. Kwa pembeni, ndani ya ule ukungu, jicho haliwezi kusoma herufi wala kutambua sura, lakini linahisi mpaka mkali kati ya mwanga na giza, linahisi kitu kinachocheza, na linahisi rangi iliyo peke yake katikati ya rangi za aina nyingine. Huko ndiko linakoruka. Kwa hiyo mkinzano unafanya kazi kabla mtu hajajua anatazama nini. Na kwa sababu hiyo hiyo, mkinzano ukiwa kila mahali haufanyi kazi popote.

Tunaongeza jambo moja hapa ili tusijidanganye. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa Umoja wa Kisovieti, Alfred Yarbus, alichapisha michoro ya njia ambazo macho ya mtu yalizipita juu ya picha ya Ilya Repin inayoonyesha mtu anayerudi nyumbani bila kutarajiwa. Alipomtaka mtazamaji akadirie umri wa watu waliomo, macho yalikwenda usoni. Alipouliza kuhusu hali ya mali ya familia ile, macho yaliziacha nyuso yakaenda kwenye nguo na samani. Mtazamaji huja na swali lake. Mchoraji hamburuzi. Anamwandalia njia iliyo wazi, halafu anamheshimu akiamua kupita pengine. Tunataka kazi zetu ziwe na njia moja pana na vichochoro kadhaa.

Walimu wetu wa kwanza hawakutoka chuoni. Nyumba ya fito na udongo ya huku kusini ina somo zima la mkinzano kwa anayejua kuitazama. Sehemu ya chini ya ukuta hupakwa rangi nzito, majivu au udongo mweusi, kwa kuwa mvua ya Nachingwea hurusha udongo mwekundu hadi magotini na ukuta mweupe ungechafuka mpaka aibu. Juu yake huja udongo mweupe. Nyumba inaonekana imekaa imara chini, na jicho hupanda kutoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga. Penye mlango wengi huzungusha utepe wa rangi nyingine, na jua likizama mgeni anayekuja kwa mguu huujua mlango kabla hajaijua nyumba ni ya nani. Hayo yote hufanywa bila kutaja hata neno moja la nadharia. Watu wa kusini walichora hivyo zamani. Mwaka 1906, mtaalamu Mjerumani Karl Weule alipita nchi hii ya kusini, akawapa watu karatasi na penseli, na michoro yao akaichapisha kwao Ujerumani mwaka 1908. Vijana wetu waijue habari hiyo, wasidhani kuchora kulikuja huku na makopo ya rangi.

Mwalimu mwingine yuko mabegani mwa mama zetu. Kisutu, kanga ya harusi, ina rangi tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Tatu tu, na katika umati wa watu mia mbili wenye madera ya kila aina bado jicho humpata aliyevaa kisutu. Nyeupe na nyeusi zinatoa mkinzano mkubwa kuliko wote unaowezekana, na nyekundu inakaa katikati yake ikiupa joto. Halafu kuna pindo linalozunguka kanga yoyote. Pindo hulizuia jicho lisitoke nje, likalirudisha mjini, yaani katikati ya kanga, na hapo likakutana na jina, ule usemi ulioandikwa. Aliyebuni mpangilio huo alijua kuliongoza jicho, na alijua kwamba kitambaa kitakunjwa, kitafungwa, kitatembea, na njia bado itabaki.

Na kuna mpingo, ambao misitu ya Lindi inao. Moyo wa mti huo ni mweusi, ila tabaka la mbao lililo chini ya ganda ni la rangi ya maziwa yaliyokaa. Mchongaji asiye na subira huondoa weupe wote auze weusi. Mchongaji anayefikiri huacha ukanda mweupe mahali anapotaka tutazame, ukingoni mwa bega au kwenye mtoto aliyebebwa, na kwa kuacha tu, bila kuongeza kitu, amekwisha kuliongoza jicho.

Edward Saidi Tingatinga tunamdai kuwa wa kwetu, na tuna haki hiyo. Alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, upande wa pili wa misitu yetu, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, akauza kazi zake Oyster Bay kwenye maduka ya Morogoro Stores, na mwaka 1972 risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu ilimuua. Miaka minne tu ya kazi. Leo dunia nzima inalijua jina lake, na wengi wanadhani kuchora Tingatinga ni kuchora twiga, tembo na machweo ya jua mpaka ubao ujae. Nendeni mkaangalie kazi zake mwenyewe. Alichukua bodi ngumu ya ujenzi, akaikata miraba ya futi mbili kwa mbili, akaipaka rangi ya mafuta, ile iliyotumika kwenye baiskeli. Uwanja wa nyuma mara nyingi ni rangi moja. Juu yake anakaa mnyama mmoja, mkubwa, mwenye madoa au mistari, na ukingo wake umekatwa safi. Pembeni kuna ndege, au jani, au hakuna kitu.

Ile nafasi tupu ndiyo tunayotaka kuirithi. Rangi ya baiskeli haikukubali kuchanganyikana kwa upole, kwa hiyo kila rangi ilibaki na mpaka wake, na mpaka ndio unaoliita jicho. Alipoweka chui mwenye madoa mengi kwenye uwanja mtulivu, msongamano wote wa mkinzano ulikuwa ndani ya mwili wa chui, na pembeni kulikuwa na utulivu. Jicho halikuwa na pengine pa kwenda. Wanafunzi wake wa mwanzo, wengi wao ndugu na jamaa kutoka kusini, akina Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia na wenzao, waliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1990 chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga kikaanzishwa. Tunawaheshimu wote. Lakini soko la watalii lilivyokua, nafasi tupu ilipungua, kwa sababu mnunuzi alionekana kulipia wingi wa wanyama. Sisi tutalipia, kwa jasho letu, ule uwanja mtulivu.

Wapo watakaosema kwamba tunahubiri uchache tu. Hapana. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa kusini huku mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alijaza. Alikuwa mchongaji kwanza, na kazi yake ya rangi ikakua Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Mashetani wake wenye masikio mapana na matumbo hugusana, hushikana, hupandana, na pembeni hakuna pa kuweka kidole. Kwa nini basi hatuchoki kuzitazama picha zake? Kwa sababu kila umbo lina ukingo ulio wazi, na mkono wa mmoja humpeleka mtazamaji kwenye bega la mwingine, na hilo bega kwenye mguu wa yule wa tatu, na madoadoa ya nyuma ni madogo kiasi kwamba hayashindani na watu. Lilanga alitengeneza mzunguko usio na mwisho, Tingatinga akatengeneza mahali pa kusimama. Vyote viwili ni njia. Kisichokubalika ni picha isiyo na njia.

Sasa tuzungumze rangi za nchi yetu, maana hapa ndipo tunapotofautiana na mchoraji wa Zanzibar mwenye bahari au wa Moshi mwenye theluji.

Udongo wetu ni mwekundu. Uko barabarani, uko kwenye kuta, uko kwenye majani ya mihogo kando ya barabara wakati wa kiangazi, uko kwenye soksi za wanafunzi. Mchoraji mgeni hufurahi sana na wekundu huo, akaumwaga wote, halafu anashangaa kwa nini picha yake imelala. Wekundu ukiwa nusu ya picha hauiti tena. Unakuwa ukimya, na kinachoita ni kile kilicho kinyume chake: shati jeupe la shule, ndoo ya bluu kisimani, jani moja bichi. Tunaoishi hapa tunajua kwamba siku ya kiangazi, saa nane mchana, kitu cha kwanza unachokiona kwenye barabara ndefu ni nguo nyeupe, hata ikiwa ndogo kuliko ukucha.

Wekundu huo huo hubadilika jioni. Jua likishazama, kabla giza halijaingia, udongo huwa mweusi ghafla huku majani ya miembe yakiendelea kuonekana kwa dakika kadhaa. Mwanasayansi Mcheki Jan Purkyně alieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19: mwanga ukipungua, jicho hubadilisha seli linazotumia, na zile za gizani karibu hazioni nyekundu, bali hupokea vizuri mwanga wa upande wa kijani na bluu. Anayetaka kuchora jioni ya Nachingwea kwa kutia tu nyeusi katika kila rangi atapata mchana mchafu. Aitie giza nyekundu zaidi kuliko kijani, na jioni itakuja yenyewe.

Kuna tatizo ambalo kila mmoja wetu hukutana nalo: jani la mkorosho kando ya udongo mwekundu. Kwa jina ni rangi mbili zilizo mbali kabisa. Lakini finya macho mpaka yabaki wazi kidogo, na mara nyingi utaona vimeyeyuka kuwa kitu kimoja, kwa sababu kiasi cha mwanga katika vyote viwili kinakaribiana. Ukivipaka hivyo, mpaka wake hutetemeka na jicho halipati pa kushika. Tena kuna watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, na kwao mpaka huo haupo kabisa. Dawa yake ni kuamua: ama udongo upauke kwa jua, ama jani liingie kivulini. Ndiyo maana katika kundi letu kila picha itaanzia kwenye nyeusi na nyeupe. Mkaa kwanza. Ikishasomeka kwa mkaa kutoka hatua ishirini, ndipo kopo lifunguliwe.

Nyeusi zetu nazo haziko sawa. Wilayani Ruangwa, huko Chilalo na Nachu, ardhi ina kinywe, madini yale yale ambayo, yakichanganywa na udongo mfinyanzi na kuchomwa, huwa moyo wa penseli. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ndiye aliyeipata kanuni hiyo mwaka 1795. Mtoto wa darasa la tatu Mbekenyera anayechora kuku kwenye daftari ameshika kitu cha jamii ile ile iliyo chini ya miguu yake, na tunataka aambiwe. Lakini kinywe hung'aa. Ukikikoleza sana kinarudisha mwanga, na pale ulipotaka giza kuu unapata kijivu chenye kung'aa. Mkaa wa mtondo au wa mkorosho hunywa mwanga na huwa giza kweli. Kwa hiyo kinywe ni cha vivuli vyepesi, vya moshi na mawingu na nywele zenye mvi. Shimo la kisima, ndani ya nyumba mchana, chini ya mkorosho mzee, hayo ni ya mkaa.

Rangi pia haikai peke yake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Akazichunguza, akakuta nyuzi ni nzima. Kilichozidhoofisha ni rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Fundi wetu anayelalamika kwamba njano ya dukani siku hizi haina nguvu aangalie kwanza ameiweka kando ya nini. Njano kando ya nyeupe hufa. Ile ile kando ya kijivu cha gome la mkorosho huwaka.

Tuchukue picha moja tuitengeneze hapa kwa maneno, ili tueleweke. Ni mwezi wa kumi na moja, mama anaokota korosho. Mkorosho una kivuli kizito, na chini yake mabibo yametapakaa, mekundu na ya njano, matamu kwa jicho kuliko kitu chochote shambani. Mchoraji asiyefikiri atayapaka yote kwa rangi safi ya kopo, na mtazamaji ataona mabibo. Mama atakuwa kivuli kilichoinama nyuma ya matunda. Sisi tutafanyaje? Mabibo mengi tutayazamisha kivulini, nyekundu yake itiwe kijani kidogo ili ipoe, njano yake iwe ya udongo. Majani makavu yawe kahawia karibu na hayo. Matundu ya anga kati ya matawi, ambayo kwa kweli ni meupe mno, tutayapunguza mpaka yawe ya bluu iliyopauka, kwa maana yakiachwa meupe yataliiba jicho lipande juu. Kisha tutaacha mwale mmoja ushuke hadi kwenye mkono wa mama pale vidole vinapotenga korosho na bibo. Hapo tu ndipo nyeupe kabisa ya ukingo wa kanga itakutana na giza la mkaa, na hapo tu ndipo bibo moja litawaka kwa nyekundu yote tuliyo nayo. Mstari wa mgongo wake ulioinama utaliteremsha jicho kutoka kichwani hadi kwenye vidole. Mtu atakayetazama ataona kazi ya mkono. Korosho ni fedha nyingi za mkoa huu, zinatajwa redioni kila msimu kwa tani na kwa bei. Mkono huo hautajwi. Tunautaja kwa rangi.

Na ngozi ya mkono huo lazima ichorwe sawasawa. Wengi wetu tulikua tukitazama vitabu ambamo watu ni wa waridi, na tulipotaka kujichora tukachukua kahawia ya kopo tukajaza. Ngozi nyeusi kwenye jua la Ruangwa haiwi kahawia moja. Paji la uso na mfupa wa shavu hupokea anga na kurudisha bluu iliyo karibu na nyeupe. Chini ya kidevu, chini ya mkono, udongo hurudisha joto lake jekundu. Kati ya hapo mna zambarau, mna kijani cha mzeituni, mna weusi wenye dhahabu. Ngozi nyeusi inabeba mkinzano mpana kuliko ngozi ya waridi, kwa kuwa mwanga juu yake unakuwa mkali zaidi ukilinganisha na kilicho chini. Tunakataa kuchora watu wetu kama mabaka ya giza mbele ya mandhari nzuri. Mandhari ndiyo itakayopauka ili sura isomeke.

Mkinzano dhaifu nao una kazi yake, na hili tunalisema kwa wale wanaodhani kuongoza ni kupiga kelele. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu za Mpango wa Karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Urambo, kati ya 1947 na 1951. Reli ilijengwa kutoka pwani mpaka hapa, mpango ukaanguka, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Yeyote atakayechora njia ile ya reli asichore treni. Achore nyasi ambazo kwenye ukanda mmoja mnyoofu zimepauka kidogo kuliko jirani zake, kiasi kwamba mtazamaji atachelewa kuuona, na akishauona hatauacha tena. Rangi mbili zilizo karibu sana zinaweza kumpeleka mtu mbali, mradi kila kitu kingine kikae kimya. Ndivyo pia tungependa ichorwe Farm 17, ambako wapiganaji wa FRELIMO chini ya Samora Machel walifanya mazoezi kabla ya Msumbiji kupata uhuru tarehe 25 Juni 1975: pasiwe na bunduki kubwa mbele, pawe na uwanja, na vivuli vya asubuhi vilivyo virefu kuelekea magharibi.

Tunaahidi, basi, kwamba hakuna picha wala bango litakalotoka mikononi mwetu bila mchoraji kuweza kusema jicho linaingilia wapi na kwa nini hapo. Tunaahidi kumweleza mteja, kwa adabu na kwa mfano, kwamba bango la rangi tatu litasomwa na bango la rangi tisa halitasomwa, na akikataa tutamwandikia mabango mawili madogo ayatundike ajionee. Tunaahidi kutumia udongo wetu, mweupe na mwekundu, uliochekechwa na kuchanganywa na gundi, kando ya rangi za dukani, kwa sababu hakuna kiwanda kilichopata wekundu wa Nachingwea. Akina mama wanaojua machimbo ya udongo mweupe na namna ya kuutayarisha watakuwa wakufunzi kwa heshima ile ile anayopewa mwalimu wa chuo. Watoto hawatapewa kazi ya kupiga msasa rangi kuukuu ya mafuta, kwa kuwa rangi za zamani, hasa nyekundu na njano, zaweza kuwa na madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Hatutachora mnyama ambaye hatujamtazama. Hatutapeana michoro ya kunakili. Na mkinzano mkali kuliko wote katika kila picha tutauweka kwa mtu au kitu ambacho macho ya watu yamezoea kukiruka: mpagazi wa ghalani, binti anayechota maji alfajiri, mchimbaji mdogo wa Namungo anapotoka shimoni akiwa wa rangi ya vumbi kuanzia unyweleni hadi kidoleni.

Milango iko wazi kwa yeyote wa wilaya hizi mbili, awe mwandishi wa mabango, mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu, mfumaji wa mikeka au bibi anayesiliba ukuta wake. Hakuna ada. Bodi moja ya futi nne kwa nane hutoa miraba minane ya futi mbili, hivyo watu wanane wachangie bodi moja. Kila mmoja achore mraba wake kwa vitu vitatu tu: mkaa, udongo mweupe na udongo mwekundu. Achore chochote cha mtaani kwake, na nyuma ya ubao aandike mahali anapotaka jicho litue kwanza. Kisha tutamwita mpita njia asiyeujua mchoro wala mchoraji, atazame, halafu tumuulize ameona nini kwanza. Jibu lake likilingana na maandishi ya nyuma, ubao utatundikwa. Lisipolingana, tutakaa chini na mchoraji, tutautazama pamoja naye, na mkaa upo, ataanza tena mchana huo huo.